Utando wa wanga wa muhogo: ukipunguza gliserini unapasuka, ukiongeza unanata. Tatizo liko wapi?

Mchakataji_Mkuranga

Wakuu, habari za kazi.

Tunachakata muhogo Mkuranga, wastani wa kilo 400 za muhogo mbichi kwa siku, na kila jioni linabaki rundo la maganda na machicha. Lengo ni mabaki hayo yatoe vifungashio vya aina mbili: utando mwembamba wa kufungia kashata na korosho, na sahani za chipsi za kuchukua badala ya yale maboksi meupe ya povu.

Utando umejaribiwa kwa kanuni ile inayozunguka mtandaoni: wanga kijiko kimoja cha chakula, maji vijiko vinne, gliserini kijiko kimoja cha chai, siki kijiko kimoja cha chai. Unapikwa hadi unakuwa kama gundi, unamwagwa juu ya kioo na kuanikwa juani. Kwa kipimo hicho unanata vidoleni, na asubuhi kwenye unyevu ni kama umetoa jasho. Gliserini ikipunguzwa hadi matone matano, unatoka mzuri, unang'aa, halafu siku ya nne unapasuka wenyewe bila kuguswa. Kote kuwili una mapovu, unang'ang'ania kioo, na baada ya siku kumi hivi unaota madoa meusi.

Naomba msaada: kipimo sahihi ni kipi? Machicha na maganda yanafaa yote? Na sahani zinahitaji mashine gani? Kabla hatujaenda SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) kuulizia vifaa tunataka tujue tunachokitafuta.

---

Fundi_Utando

Mkuu, tatizo la kwanza ni vijiko. Weka kanuni hiyo kwenye mizani uone. Kijiko cha chakula cha wanga kina gramu 8 hivi. Kijiko cha chai cha gliserini ni mililita 5, na gliserini ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ni gramu 6.3. Hapo una gliserini karibu asilimia 79 ya uzito wa wanga. Lazima unate. Gliserini inavuta maji kutoka hewani, na kwa hewa ya Pwani itavuta usiku kucha. Lile jasho ndilo hilo.

Matone matano nayo ni kama gramu 0.3, yaani asilimia 4. Umeruka kutoka shimo moja ukaingia jingine. Chini ya asilimia 12 hivi gliserini haitoshi kutenganisha minyororo ya wanga, na wakati mwingine inaufanya utando uwe mkavu zaidi kuliko usingeiweka kabisa. Eneo la kufanyia kazi ni asilimia 25 hadi 30 ya uzito wa wanga.

Kupasuka siku ya nne kuna sababu ya pili, na kila mtu aliyewahi kula ugali uliolala anaijua. Wanga ukiiva chembe zake zinafumuka na kusambaa. Ukipoa, minyororo yake inaanza kurudi kujipanga pamoja na kusukuma maji nje. Ugali wa moto ni laini, wa asubuhi unakatika vipande. Utando wako unafanya vivyo hivyo polepole, unasinyaa, na pale ulipo mwembamba zaidi ndipo unapopasukia. Gliserini ya kutosha inachelewesha hali hiyo. Haiizuii kabisa, kwa hiyo usitegemee utando wa wanga mtupu ukae stoo miezi sita.

Kipimo cha kuanzia, kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.1:

Wanga mkavu gramu 50, maji lita 1, gliserini gramu 15. Siki iache. Asidi kwenye moto inakatakata minyororo ya wanga. Kijiko kizima kwa gramu 8 za wanga ni nyingi mno, na utando unaotoka hauna nguvu.

Pima sufuria ikiwa na kila kitu ndani kabla ya kuwasha moto, uandike uzito. Koroga wanga kwenye robo ya maji ya baridi kwanza kama unavyoanza uji, kisha ongeza yaliyobaki pamoja na gliserini. Pandisha joto ukikoroga bila kuacha. Kuanzia digrii 62 hadi 65 unaanza kuwa mzito, na ukipita 70 weupe wa maziwa unageuka kuwa kama kioo chenye moshi. Wengi wanaepua hapo, na ni mapema mno. Peleka hadi digrii 85 au 90 ukae hapo dakika 15 moto ukiwa mdogo. Chembe ambazo hazijafumuka vizuri zinabaki kama punje ndani ya utando, na kila punje ni mahali pa kuanzia ufa.

Koroga taratibu kwa mwiko. Blenda na mchapo wa mayai ndivyo vinavyoleta mapovu. Ukimaliza rudisha sufuria kwenye mizani, ongeza maji ya moto kufidia yaliyopotea kwa mvuke, chuja kwa kitambaa chepesi, funika, na uache dakika 15 hadi 20 mapovu yapande. Mimina ukiwa bado kwenye digrii 60 hivi.

Unene usiukadirie kwa macho. Kwa mchanganyiko huu, gramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba zinakupa utando wa karibu milimita 0.1 ukishakauka. Trei ya sentimita 20 kwa 30 ina sentimita za mraba 600, kwa hiyo mimina gramu 120. Na iweke sawa kwa pima maji ya mwashi. Trei ikiinama milimita 2 tu, upande mmoja utakuwa karatasi na mwingine ngozi.

Kioo na alumini vinashika sana. Tumia trei ya akriliki au tandika shiti la silikoni. Jua la moja kwa moja nalo linakausha ngozi ya juu huku chini kukiwa kubichi, ndiyo maana utando unajikunja. Kikaushio cha jua chenye kivuli na upepo, digrii 40 hadi 45, saa 16 hadi 20. Ubandue kingo zinapoanza kuinuka zenyewe. Ukisubiri hadi ulie kama karatasi kavu umechelewa, utakatikia mkononi.

---

Maabara_ya_Wanga

Naongezea upande wa malighafi, maana utando mbaya mara nyingi umeharibika kabla haujafika kwenye sufuria.

Maganda na machicha si kitu kimoja. Machicha, yaani yale yanayobaki baada ya kukamua na kuchuja, yana wanga mwingi uliong'ang'ania kwenye nyuzi. Yakikaushwa, nusu ya uzito wake na zaidi bado ni wanga. Maganda yana wanga pia, lakini yana udongo, ile ngozi ya kahawia, na sumu ya sianidi nyingi kuliko nyama ya muhogo. Kwa kitu kitakachogusa chakula anza na machicha. Maganda yapeleke kwenye mboji au biogesi mpaka uwe na njia ya kuyasafisha na kuyapima.

Kutoa wanga kwenye machicha: yasage tena laini siku ileile. Changanya sehemu 1 ya machicha na sehemu 4 za maji safi, koroga, kamua kwa kitambaa, kisha pitisha maji hayo kwenye chujio lenye matundu ya maikromita 100 hadi 150. Acha yatulie saa 4 hadi 6. Mwaga maji ya juu, kwangua ile tabaka ya rangi ya njano iliyolala juu ya wanga (hiyo ni protini na nyuzi laini), ongeza maji mapya, koroga, acha tena. Mara tatu. Anika kwa tabaka jembamba hadi unyevu wa asilimia 12 au 13. Ukiukamata mkononi unalia na haushikani.

Usiache machicha yalale. Kwa joto la Pwani yanachacha usiku mmoja, na bakteria wanafanya kazi ileile ya siki: wanakata wanga. Ukinusa uchachu, wanga huo peleka kwenye sahani za kubana, usiupeleke kwenye utando. Yale madoa meusi yanaanzia hapahapa pia. Wanga uliolala na vumbi la uwanjani vinakuja na mbegu za ukungu, na gliserini nyingi inazipa maji. Watu huongeza potasiamu sobeti (dawa ya kuzuia ukungu), lakini kuiweka ili ifunike uchafu wa wanga si sawa kwa kitu cha chakula.

Kuhusu sianidi: kusaga ndiko kunakofungua kimeng'enya kinachoivunja linamarini (kiini cha muhogo kinachobeba sianidi), gesi inatoka, na kinachobaki kinaondoka na maji ya kuoshea. Ndiyo sababu ya kuosha mara tatu na kukausha kwa uwazi. Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa unga wa muhogo wa kuliwa ni miligramu 10 kwa kilo, na kwa kifungashio sioni sababu ya kujiwekea kiwango kilicho legevu zaidi. Peleka sampuli maabara ipimwe. Yale maji ya kwanza ya kuoshea usiyamwage kwenye bwawa la samaki wala mahali mbuzi wanakunywa.

Na gliserini nunua ya daraja la dawa au chakula, yenye lebo na cheti cha uchambuzi kutoka kwa muuzaji. Ile ghafi inayobaki kwenye utengenezaji wa dizeli ya mimea inaweza kuwa na methanoli. Gliserini iliyochakachuliwa kwa ethilini glikoli au diethilini glikoli ni sumu inayoua. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wengi walikufa kwa figo baada ya kunywa dawa za maji zilizokuwa na glikoli hizo. Kwa macho na kwa ulimi huwezi kuzitofautisha na gliserini halisi, kwa hiyo lile dumu la bei ya chini lisilo na lebo liache dukani.

---

Bana_Sahani

Mkuu wa Mkuranga, kanuni ya Fundi_Utando ni sahihi, lakini piga hesabu kabla hujaifanya biashara. Kila shiti la sentimita 20 kwa 30 lina gramu 8 za utando, na ili zipatikane unafukuza gramu 112 za maji. Mashiti 1,000 ni lita 112 za kukausha. Kwa umeme hiyo ni kama yuniti 72, bila kuhesabu joto linalopotea, kwa kilo 8 tu za bidhaa. Kwa jua inawezekana, ila unahitaji eneo la trei 1,000 zilizolala sawasawa. Viwanda havimimini. Vinasukuma wanga na gliserini kwenye mashine ya skrubu yenye joto, digrii 90 hadi 140 kwa hatua, na mara nyingi vinachanganya na plastiki nyingine inayooza kama PBAT ili utando upulizike na uvumilie maji. Mater-Bi ya kampuni ya Novamont ya Italia iko kwenye familia hiyo.

Kwa kikundi chenye machicha, pesa iko kwenye sahani. Nyuzi ambazo kwenye utando ni uchafu, kwenye sahani ndizo mifupa.

Kazi yenyewe ni kama kuoka kaki: rojo la wanga kati ya vyuma viwili vya moto. Maji yanageuka mvuke, mvuke unaumua rojo, linajaza kalibu na kukauka humohumo. Rojo la kuanzia: wanga gramu 70, machicha makavu yaliyosagwa na kupita chujio la milimita 0.5 gramu 30, gamu ya guar gramu 1, magnesiamu stearati gramu 1 hadi 2, maji gramu 100 hadi 110. Gamu inazuia nyuzi zisizame chini ya ndoo. Ukiiacha, sahani za mwanzo zinakuwa wanga mtupu na za mwisho nyuzi tupu. Stearati, ule unga mweupe wa viwanda vya vidonge, inafanya sahani iachie chuma. Mafuta ya kupikia yanasaidia sahani chache za kwanza, baadaye yanaungua na kujenga gamba.

Kalibu iwe digrii 190 hadi 200 juu na chini, nafasi kati ya vyuma milimita 2.5 hadi 3. Kwa sahani ya sentimita 20 kwa 12 anza na gramu 40 za rojo, ongeza gramu 3 kila jaribio hadi uone rojo kidogo likichungulia kwenye matundu ya mvuke pande zote nne. Likichungulia upande mmoja tu, kalibu limeinama au rojo hukulimwaga katikati.

Matundu ya mvuke lazima yawepo, na komeo lazima liwe imara. Mvuke unasukuma kifuniko kwa nguvu kubwa. Kalibu lisilo na komeo linainuka na kumrushia mtu rojo la moto usoni. Vaa glovu ndefu na miwani. Hili si la kubishana.

Muda ni dakika 2 hadi 2 na nusu, lakini sikio ni zuri kuliko saa. Mwanzo mvuke unapiga mluzi mkali, kisha unafifia, kisha unakata. Ukikata hesabu sekunde 15 ndipo ufungue. Ukifungua mluzi bado unasikika, mvuke uliobaki ndani unaichana sahani katikati ya unene, na unabaki na maganda mawili badala ya sahani moja.

Sahani ikitoka ina unyevu wa asilimia chache tu na inavunjika kama kaki. Usiihukumu hapo. Ziache kwenye rafu yenye hewa hadi kesho, zivute unyevu zifike asilimia 8 hadi 12, ndipo zinapopata uvumilivu. Kingo zikiwa hazijajaa, ongeza rojo au maji kidogo. Zikiwa na nyufa za duara katikati, maji yamezidi. Zikiwa za kahawia iliyokolea, joto limepita au machicha yalikuwa na sukari, osha zaidi.

Kwa jaribio la kwanza usinunue mashine. Fundi wa alumini akusubie kalibu moja, ulipashe kwenye jiko la umeme lenye kidhibiti joto, na uoke sahani 50. Sahani hizo ndizo uende nazo SIDO. Kalibu lililokwisha kupata vipimo ni rahisi kuchongesha kuliko wazo.

---

Mwani_Makunduchi

Kwa utando, sisi wa Unguja tuna nyongeza iliyo jirani nanyi. Mwani uliokatika na kusukumwa ufukweni, ambao mnunuzi haupokei, una karajinani, yaani kile kinachogandisha kama jeli. Mwani unaolimwa ni wa aina mbili: kotonii inatoa aina ya kapa, inayoganda kwa ugumu, na spinosamu inatoa aina ya iota, laini yenye kunyumbuka. Huku spinosamu ndiyo nyingi, kwa sababu kotonii haistahimili bahari ikipata joto.

Punguza wanga hadi gramu 45 na weka gramu 5 za kapa ya unga kwenye ile kanuni ya lita 1. Utando unakuwa imara zaidi ukiwa bado mbichi, kwa hiyo unabanduka bila kuchanika. Angalizo moja: kapa inaganda kwenye joto la digrii 40 hivi, usiache sufuria ipoe. Mimina ukiwa juu ya digrii 60 na trei yenyewe ipashe kwanza, la sivyo unapata mabonge yenye mawimbi.

Mkichemsha mwani wenyewe badala ya unga wa dukani, osheni chumvi na mchanga kwa maji baridi mara nne au tano, kwa kuonja. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu kama gliserini, na utando utatoa jasho lilelile la mwanzo.

---

Kipimo_na_Lebo

Nasema kuhusu kupima na kuhusu maneno ya kwenye lebo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaharibikiwa wakiwa wameshapata bidhaa.

Utando wa wanga ukiwa mkavu unazuia mafuta na oksijeni vizuri. Kinachoupita ni mvuke wa maji. Kwa kashata ya kuuzwa wiki hiyohiyo unafaa. Korosho za kukaanga zitalegea, labda zifungwe ndani ya boksi au kopo lililozibwa. Kwa chakula cha maji usiujaribu kabisa. Kanuni za Ulaya zinaruhusu kifungashio cha plastiki kitoe miligramu 10 tu kwa kila desimita ya mraba kuingia kwenye chakula, na gliserini itayeyukia kwenye chakula cha majimaji kabla hata hujaweka kipande chini ya hadubini.

Jipatie hali ya hewa ya Pwani ndani ya ndoo. Weka chumvi ya mezani kwenye bakuli, ongeza maji kidogo hadi ibaki kama matope, yaani chumvi nyingine ionekane haijayeyuka, ufunge bakuli ndani ya ndoo yenye mfuniko mzito. Hewa ya ndani inatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Ning'iniza vipande vya utando humo wiki mbili, kila siku kipime uzito na ukikunje mara kumi mahali palepale. Kinachonata au kuota ukungu humo ndani kitafanya hivyo hivyo Kariakoo. Ndoo hiyo ni ya bei ya bakuli na itakuokoa kuliko mashine yoyote.

Kwa kizuizi cha mvuke: kikombe chenye kalsiamu kloridi kavu (chumvi inayovuta unyevu), kifunike kwa utando na uzibe kingo kwa nta, kiweke ndani ya ndoo ileile, kipime kila saa 24. Uzito ulioongezeka ni maji yaliyopita. Linganisha na kikombe kilichofunikwa kwa nailoni ya kawaida, utaona tofauti ilivyo kubwa.

Sasa neno "huoza". Kuzika kipande shambani na kukikuta hakipo hakuthibitishi chochote. Mchanganyiko wa wanga na polithini nao unapotea machoni: wanga unaliwa, polithini inabaki vipande vidogo udongoni. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6 kwenye mboji ya digrii 58, na baada ya wiki 12 kisibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chujio la milimita 2, pamoja na vipimo vya metali nzito na vya kuotesha mimea kwenye mboji iliyopatikana. Wanga, nyuzi na gliserini vitupu havina shida na hilo. Shida inaanza mtu akishauri "ongeza polithini kidogo uimarike". Akikushauri kiongeza cha kuivunjavunja plastiki kwa jua, mkatalie pia. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa za plastiki za aina hiyo tangu Julai 2021.

Kuhusu plastiki iitwayo PLA, kwa sababu utaulizwa: inatokana na sukari au wanga uliochachushwa kuwa asidi ya laktiki, lakini kuifikisha kwenye plastiki ni kazi ya kiwanda kikubwa. Inalegea kuanzia digrii 55 hadi 60, na inahitaji mboji yenye joto ili ioze. Ukiitupa baharini au mtaroni itakaa miaka.

Upande wa sheria, marufuku ya Juni 1, 2019 Tanzania ilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya viwandani na vya kusindika chakula havikuingizwa, ila vinapaswa kukidhi viwango. Tangu mwaka huohuo 2019 masuala ya chakula yalihamia TBS (Shirika la Viwango) kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwa hiyo mlango wako ni TBS. Nenda na orodha ya kila kilichomo kwa gramu, vyeti vya gliserini na stearati, na majibu ya sianidi. Usiandike "inaoza kwa asilimia 100" kwenye lebo bila kipimo. Andika kilichomo: wanga wa muhogo, nyuzi za muhogo, gliserini.

---

Mchakataji_Mkuranga

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya vijiko imenifungua macho, na hiyo ya yuniti 72 imetuonyesha njia. Tutaanza na sahani, utando ubaki wa kashata tu.

Swali la mwisho: sahani ya chipsi tuipake nta ya nyuki ndani? Pwani nta inapatikana. Au ile kaitosani ya maganda ya kamba?

---

Bana_Sahani

Kwa chipsi usipake nta. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye digrii 62 hadi 64, na chipsi zinatoka kwenye mafuta yenye digrii 160 na zaidi. Nta itaingia kwenye chipsi, na sahani itabaki uchi. Nta iweke kwenye sahani za vitu baridi: matunda yaliyokatwa, maandazi yaliyopoa. Namna ya kuipaka: pasha sahani hadi digrii 60 au 70, nta iwe digrii 80, pitisha brashi mara moja. Pima sahani kabla na baada, ongezeko la gramu 2 hadi 3 linatosha. Ukipaka sahani baridi nta inagandia juu kama magamba na inabanduka ukikunja kingo.

Kaitosani ni nzuri kweli, lakini kuipata kutoka maganda ya kamba kunahitaji magadi ya sodiamu haidroksaidi ya asilimia 40 hadi 50 kwenye joto la digrii 100 hivi. Hiyo inachoma ngozi na macho papo hapo, na mabaki yake huna pa kuyamwaga. Hapo kwenye kikundi msiifanye. Ikihitajika nunueni iliyo tayari.

Kwa chipsi zenyewe, mafuta hayasumbui sahani ya wanga. Kinachoiangusha ni mvuke na kachumbari. Kachumbari na ukwaju viende kwenye kikombe chao pembeni. Chipsi zichuje mafuta kwenye wavu dakika 2 kabla ya kuziweka, mvuke wa kwanza utoke huko. Mfuniko toboa matundu mawili ya upana wa kalamu. Kisha pima: jaza sahani chipsi za moto gramu 250, funika, na kila dakika 10 iinue kwa kona moja. Andika ni dakika ya ngapi inaanza kulegea. Muda wa chipsi kutoka bandani hadi mlangoni kwa mteja uwe nusu ya huo.